Kichwa cha Sebuleni

Kichwa kilianguka siku tuliyomzika baba. Hakuna aliyekigusa. Watu walikuwa wamejaa sebuleni, wengine wameegemea ukuta, wanaume wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu nani atatangulia na msalaba, na msumari uliokishikilia tangu sijaanza shule ukachoka. Kilidondokea nyuma ya kiti cha baba kwa mlio mkavu, na vumbi la mbao likamwagika sakafuni. Mzee mmoja akasema marehemu amekuja kumchukua mwenzake. Watu wakacheka kidogo, kwa adabu ya msibani, nami nikaenda kuleta ufagio.

Kazi za namna hiyo nilizimudu siku zile. Nikiambiwa leta maji, naleta. Nikiambiwa kaa na wageni, nakaa. Ndani nilikuwa kimya, kama redio iliyochomolewa, na nilichokuwa nacho ni mikono tu. Shangazi mmoja aliniangalia sana, akasema huyu ana moyo mgumu. Sikuwa na hoja ya kumpinga.

Kilikuwa kichwa cha mnyama wa porini, chenye pembe ndefu zilizojipinda na macho ya kioo, shingo yake imegongelewa kwenye ubao. Baba alimpiga mnyama huyo mwenyewe, enzi alipokuwa na bunduki na leseni ya kuwinda, na kila mgeni alionyeshwa kichwa kabla ya kupewa kiti. Tulikiita pongo, ambaye kwa Kihaya ni engabi. Na engabi ndiye muziro wa ukoo wa mama, yaani mnyama wa mwiko ambaye watu wa ukoo ule hawamli, hawamgusi, na wakimkuta amekufa njiani wanazunguka mbali. Mwanamke akiolewa huhamia kwenye kibanja cha mumewe, nyumba na shamba lake, lakini muziro wake anakuja nao. Sisi watoto tulikuwa wa ukoo wa baba, hivyo hatukuzuiwa na lolote. Mama hakuingia sebuleni.

Nasema hakuingia, sina maana kwamba aliingia kwa nadra. Katika nyumba yake mwenyewe kulikuwa na chumba ambacho hakukikanyaga, na kwa kuwa mlango mkubwa unafungukia humo, mlango mkubwa nao hakuutumia. Alitoka na kuingia kwa mlango wa jikoni. Vitambaa vya makochi alivifuma yeye, na sisi ndio tuliotumwa kwenda kuvitandika. Wanawake waliokuja kumsalimia walizungukia nyuma bila kuuliza. Kijijini kwetu, huku Muleba, watu walikwisha kuizoea hali hiyo kama wanavyozoea bati linalovuja la jirani.

Baba alitufundisha kukiamkia kile kichwa. Kwa kuwa ni wa ukoo wa mama yenu, alisema, huyo ni mjomba wenu. Basi kila asubuhi tulisimama chini yake tumevaa sare, tukasema, "Shikamoo mjomba," na baba akaitikia kwa sauti nzito kutoka kwenye kiti chake, "Marahaba, someni kwa bidii." Tulicheka mpaka tukachelewa shule. Wageni nao waliupenda mchezo huo, na wengine waliomba turudie. Mjomba wetu wa kweli, kaka yake mama, alipokuja kutoka Kitendaguro alipita kando ya nyumba moja kwa moja hadi jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na mama, na huko ndiko alikokula na kunywa. Tulijua ni kwa ajili ya muziro, tukaishia hapo.

Baada ya mazishi kikafanyika kikao cha familia uani. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, ndiye omusika, mrithi wa kibanja, na siku ya kuondoa matanga angekalishwa kwenye kiti cha baba mbele ya koo zote mbili. Kaka anaishi Mwanza, ana gari safi na haraka zake. Alisema anataka nyumba iwe kama mzee alivyoiacha, kila kitu mahali pake, na kichwa kitengenezwe kirudi ukutani juu ya kiti cha baba. Wazee wa ukoo wakaitikia kwa vichwa. Ndipo sauti ya mama ikasikika kutoka mlango wa jikoni. Haikuwa kubwa.

"Kikirudi ukutani, mimi nitakwenda kwa kaka yangu Kitendaguro. Aliyekipachika ameondoka, na chenyewe kimeanguka. Kiacheni chini."

Wazee wale hawakuwa na mazoea ya kujibizana na jikoni. Wakaendelea na habari za ng'ombe wa matanga kana kwamba kuku amepita.

Lakini kila mtu pale alielewa maana yake. Mjane akiondoka kwenye kibanja cha mumewe hajaenda matembezi. Anaiacha mibuni aliyoipanda, anaiacha migomba aliyoipalilia ujana wake wote, analiacha kaburi na nafasi yake kando ya kaburi. Mama alikuwa ameshavuka umri wa kuanza upya popote. Na watu wangesema watoto wamemfukuza.

Kaka alinivuta pembeni, akaniambia mama ana majonzi, yatapoa. "Wewe una likizo ya msiba," alisema, "na mimi lazima nirudi kazini. Mpelekee fundi hicho kitu. Gari nitakukodishia." Nikasema sawa. Kukubali kulihitaji neno moja, na kukataa kungehitaji mengi.

Fundi mwenyewe yuko barabara ya kwenda Biharamulo, ukishaipita Muleba mjini, kati ya duka la mbolea na kijana wa kuziba pancha. Nilikwenda kwa Probox, kichwa nimekipakata kiti cha mbele, nimekifunika kitenge kwa sababu dereva alisema macho yale yanamsumbua. Kibao cha fundi kiliandikwa kwa rangi nyekundu: UKAUSHAJI WA WANYAMA NA SAMAKI. Chini yake, kwa mkono mwingine, TUNATENGENEZA NA MISALABA YA MAKABURI. Misalaba ya saruji ilikuwa imeegemezwa ukutani nje, inakauka. Nikafikiri kwamba kaka angeweza kumaliza shughuli zote hapa hapa, kichwa na msalaba wa kaburi, kwa fundi mmoja. Halafu nikaona si mzaha wa kumsimulia mtu.

Ndani palinuka chumvi, gundi na ngozi mbichi. Palikuwa na fuvu la nyati, palikuwa na kichwa cha ng'ombe wa pembe ndefu kilichoagizwa na hoteli moja ya Bukoba, na juu ya meza ndefu alilala sangara wa Goziba, mkubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza, amepakwa vanishi, mdomo wazi, anamsubiri mwenye baa aliyemleta. Fundi aliniambia wawindaji wenye leseni wamepungua tangu mapori ya jirani yafanywe hifadhi. Sasa anaishi kwa samaki, ng'ombe, na vichwa vya zamani vya marehemu.

"Wazee wakiondoka, watoto wanakumbuka vichwa," alisema. "Wakati wa uhai wao hakuna aliyevipangusa vumbi. Pole na msiba, dada."

Alitaka karatasi kwanza, maana kichwa cha mnyama wa porini bila karatasi ni kesi. Nilimpa ile ya baba, ambayo wino wake ulikuwa umefifia hadi kikabaki muhuri na jina la mwenye mali. Akaiangalia kwenye mwanga, akaridhika. Kisha akakilaza kichwa kifudifudi mezani, akatia kidole kwenye shavu lililopasuka. Akatoa vumbi la mbao, akatoa magazeti, akatoa kitu kilichowahi kuwa soksi. Alifurahi sana. Mafundi wote hufurahia kazi mbaya ya fundi mwingine.

"Huyu hakujazwa, alishindiliwa," alisema. "Kama godoro la bweni."

Nilikuwa natumaini kimyakimya kwamba atasema hakitengenezeki. Ningerudi nyumbani mikono mitupu, kaka angelalamika kwenye simu, mama angebaki, na mimi nisingekuwa nimemkatalia mtu. Nikamuuliza kama haoni kimeharibika kupita kiasi. Akasema kisichotengenezeka ni samaki aliyeachwa juani, mengine yote ni subira.

Halafu akauliza jambo nisilolitegemea. "Anatazama wapi?"

Nikamwambia anatazama mbele.

"Hapana. Kila kichwa kinatazama mahali. Fundi ndiye anayeamua, anaanza na masikio, macho yanafuata. Wengi wanataka kitazame mlangoni, kimpokee mgeni. Kwenu mlango uko wapi?"

Nikamchorea sebule yetu kwa kidole kwenye vumbi la meza. Hapa ukuta, hapa kiti cha baba, hapa mlango mkubwa, hapa korido ya jikoni. Akakizungusha kichwa juu ya mchoro wangu, akafumba jicho moja, akapima. Aliyekitengeneza mwanzo, alisema, alikielekeza huku kushoto. Kushoto ilikuwa korido. Miaka yote ile tulidhani kinatutazama sisi.

"Asitazame jikoni," nikasema.

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Akanikodolea macho, kisha akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa kichwa neno MLANGONI. Hilo ndilo jambo pekee nililoliamua katika wiki zile. Nililisema bila kuhisi chochote.

Ahadi za fundi zilikuwa za fundi. Nikipiga simu, gundi haijashika. Nikipiga tena, ngozi ya mbuzi ya kiraka haijakolea rangi. Mara moja alinitumia picha ya WhatsApp ya kichwa bila macho, na chini yake akaandika, maendeleo mazuri. Nilikuwa nimehamia kwa mama kwa muda, shuleni Nyanga ninakofundisha walishaniruhusu, na hapo nikaona kwamba mama hakuwa anatishia tu. Alimpa jirani kuku. Alimwita mke wa mdogo wake baba, akampitisha kwenye mibuni mmoja mmoja, huu unapogolewa, huu uacheni, huu una wadudu kwenye shina. Alikuwa akifanya mambo kama mtu aliyekwisha kukata tiketi.

Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma. Haukuniuma. Nilikaa naye jikoni tukimenya ndizi, visu vyetu vinakwenda, tukazungumza habari za mvua na habari za askofu. Nilimwona anakunja gomesi zake, magauni yake marefu ya sherehe, na kuzipanga kwenye begi, nami nikamsaidia kufunga zipu iliyokuwa inagoma.

Siku niliyokwenda kukichukua, kichwa kilikuwa mezani kinanisubiri, na nakiri kwamba kilikuwa kizuri. Shavu limezibwa huwezi kuona mshono, masikio yamesimama, macho yanang'aa. Kiligeuza uso kidogo upande wa kulia, kama mtu aliyesikia hodi. Fundi alikuwa na furaha ya wazi.

"Nzohe mzuri kweli huyu," alisema. "Siku hizi kuwaona ni shida."

Nikamwambia ni pongo.

"Pongo wa pembe hizi?" Hakuwa na dharau, alikuwa anashangaa tu. "Pongo ana pembe fupi. Huyu ni nzohe, dada, mnyama wa kwenye mafunjo, ana manyoya marefu ya kuhimili maji." Akanionyesha picha kwenye simu yake, mmoja na mwingine. Mtoto angeweza kuwatofautisha. "Mzee hakuwaambia?"

Kisha mteja wa misalaba akafika nje na bodaboda, fundi akakifunga kichwa kwenye gunia, akaenda kuuza.

Ndani ya gari ndipo kitu kilipotikisika ndani yangu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ilikuwa furaha, nyembamba lakini furaha. Ikiwa ni nzohe, basi muziro haumo. Mama hakukatazwa kitu. Angeweza kuingia sebuleni leo hii, akakaa, akaegemea, akanyoosha miguu. Kaka angetundika kichwa chake, mama angefungua begi lake, na hakuna ambaye angeshindwa. Nilimwambia dereva aongeze mwendo. Akaniangalia, kwa kuwa tangu anichukue mara ya kwanza sikuwahi kumwambia neno zaidi ya kona.

Mama alikuwa jikoni na ndizi zake. Hata sikukaa.

"Mama, yule si engabi. Fundi amenionyesha. Ni nzohe. Miaka yote ile ni nzohe."

Aliendelea kumenya. Ganda likaanguka, akachukua ndizi nyingine.

"Najua," alisema.

Nikakaa.

"Nilijua tangu alipokiteremsha kwenye gari. Mwanangu, mimi ni wa engabi. Unafikiri mtu hamjui mnyama wake? Baba yangu alinionyesha nikiwa mdogo kuliko wewe ulipoanza kusoma, pembe zake zilivyo, mgongo wake ulivyo, ili siku nikikutana naye nijue kugeuka. Ninyi ndio hamumjui. Hamkukatazwa, mngemjulia wapi?"

"Baba alikosea, basi."

"Baba yako alikuwa mwindaji."

Akakifuta kisu kwenye ganda.

"Kaka yangu alikuwa amekaa pale sebuleni siku hiyo," alisema. "Alikuja na bibi yenu, wamebeba zawadi. Watu wamejaa. Baba yako akakiinua, akasema, mpokeeni shemeji mwingine, engabi huyu, ni mzuri kuliko hawa wengine, hali wala hanywi. Watu wakacheka. Kaka yangu akachukua kofia yake akaja huku jikoni. Tangu siku hiyo hajakaa mle, na mimi sikukaa mle."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini alituacha tuamini ni muziro.

"Niseme nini? Niwaambie wageni mume wangu ananitania? Muziro watu wanauheshimu. Ukisema muziro, hakuna anayekuuliza mara mbili." Akaitupa ndizi kwenye sufuria. "Nilimngoja. Sikutaka makubwa. Angesema tu, mbele ya watu wa kucheka wale wale, huyu ni nzohe, nilitania. Maneno hayo tu. Nilimngoja hata hospitali."

Nilikuwepo hospitali. Nakumbuka baba aliomba maji, akaomba redio, akauliza kama mibuni imepigwa dawa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki miguuni pake, ameinama mbele kidogo. Nilidhani anasali.

"Na kaka akisema?" nikauliza.

Kisu kikasimama. "Yeye ndiye atakayekaa kwenye kile kiti," alisema polepole. "Akisema yeye, itakuwa imesemwa. Nitabaki."

Kaka alipofika kwa ajili ya matanga nilimweleza yote, nyuma ya gari lake, kabla hajashusha mizigo. Alisikiliza huku akitazama simu, lakini alisikiliza.

"Kwa hiyo ni nzohe," alisema. "Safi sana. Basi tatizo limekwisha."

"Halijaisha. Lazima uliseme mbele ya watu. Sema ni nzohe, sema mzee alitania, mkaribishe mjomba aingie."

"Nitasema." Akakuna kidevu. "Lakini ulikuwa utani tu, mdogo wangu. Mzee alikuwa na utani na kila mtu."

"Sema tu, kaka."

"Nimesema nitasema."

Si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Siku ile aliahidi kwa moyo mweupe, akanipa hata mkono.

Siku ya kuondoa matanga padri alisoma misa uani asubuhi, tukanyolewa, tukala, kisha wazee wa koo wakaingia sebuleni kumkalisha omusika. Kichwa kilikuwa ukutani juu ya kiti, kinatazama mlangoni. Kaka akakabidhiwa mkuki, akakaa. Alikuwa amevaa koti la baba, na mabega yalimtosha. Mjomba alikuwa amefika mapema kutoka Kitendaguro, amekaa jikoni kwenye kigoda, kofia juu ya goti. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mdomo wa korido na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, nikisubiri nafasi ya kuwapitishia wageni.

Mzee mmoja wa upande wa baba akainua macho ukutani.

"Naona shemeji amepona," alisema.

Sebule nzima ikacheka. Walikuwa wameshiba, na siku ya matanga watu huwa tayari kucheka. Kisha wakamgeukia kaka, kwa sababu neno lililobaki lilikuwa la mwenye nyumba. Nafasi nzuri kuliko hiyo asingeipata hata angejitengenezea. Alinitazama. Nikaona ameikumbuka ahadi yake, ameukumbuka ule mkono alionipa. Akafungua kinywa.

Akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha mwenyeji, kifupi, cha kuwaridhisha wageni wake. "Amepona kweli," alisema. "Na bado hali wala hanywi."

"Huyo ni nzohe," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kama ya darasani, wakageuka wote. "Si engabi. Hakuwahi kuwa engabi. Baba alijua."

Yule mzee akasema kwa upole, "Sawa, mwanangu, mnyama ni mnyama." Kaka akasema mdogo wake amechoka, msiba huu umemlemea, na watu wakaitikia kwa huruma, nami nikajua kwamba nimesema bure. Neno lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi. Halikutoka kwenye kile kiti.

Mazungumzo yalikuwa yanaanza tena niliposikia nyayo nyuma yangu kwenye korido. Nikasogea. Mama alipita mbele yangu, amevaa gomesi yake ya bluu ya Pasaka, na mjomba nyuma yake ameshika kofia. Aliingia sebuleni.

Watu waliacha kuzungumza mmoja mmoja. Mama alisimama katikati, akaitazama sebule taratibu, madirisha, dari, picha za ubatizo wetu, kama mtu aliyefika kwenye nyumba aliyosimuliwa tu. Juu ya kiti cha kaka hakutazama. Vijana wawili wakainuka upande wa dirishani, akaenda akakaa hapo, na mjomba akakaa kando yake. Akaweka mikono mapajani.

Nilikuwa na kikapu mkononi, na hao walikuwa wamekaa. Nikawaendea nikapiga magoti, kama tunavyofanya kwa wageni. Mama akachukua punje za kahawa. Mjomba akachukua. Wakatafuna. Nilisikia wanavyotafuna, maana hapakuwa na sauti nyingine.

"Habari za safari ya kutoka Mwanza?" mama akamuuliza kaka.

"Nzuri, mama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Tunamshukuru Mungu," alisema mama. Akamaliza kutafuna kahawa zake, hakuharakisha. Kisha akainuka, mjomba naye akainuka. Begi lake, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa limeshapelekwa barabarani.

"Tunashukuru kwa mapokezi," alisema. "Sasa tunaomba ruhusa, tusije tukakutwa na mvua."

Na kaka yangu, amekaa kwenye kiti cha baba na mkuki mkononi, akajibu kama mwenye nyumba yeyote anavyowajibu watu wanaoaga.

"Karibuni tena."

Alilisikia baada ya kulitoa. Nilimwona anavyolisikia. Lakini mama alikuwa ameshafungua mlango mkubwa na kutokea hapo, na mjomba akaurudisha nyuma yao kwa adabu, bila kuubamiza. Mimi nilibaki nimepiga magoti mbele ya viti viwili visivyo na watu, na hapo ndipo nilipoumia, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya baba, kwa wakati mmoja, hata nikashindwa kuinuka.